Maswali ya wasomaji: leza ya urujuanimno, kuanzia fuwele hadi kaki ya silikoni

Barua nyingi za safari hii zinahusu leza za hali mango (zinazotumia fuwele badala ya gesi) zinazotoa urujuanimno, zile zinazochonga na kukagua kaki za silikoni, yaani mabamba membamba ambayo chipu hujengwa juu yake, na kupiga picha za vitu vidogo kuliko uwezo wa mwanga wa kawaida. Tumechagua saba. Jibu la barua ya tatu limekuwa refu kuliko mengine, kwani hapo ndipo leza nyingi hufia.

Fotoni moja haitoshi?

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fizikia. Nasoma kwamba leza ya nanomita 266 huanza kama leza ya nanomita 1064, kisha mwanga wake hugeuzwa. Kwa nini tusitengeneze leza inayotoa urujuanimno moja kwa moja?*

Fuwele zinazotoa nguvu kubwa na kudumu, kama Nd:YAG na Nd:YVO4 za nanomita 1064 au Yb:YAG ya 1030, zina ngazi za nishati zinazotoa mwanga wa infraredi. Fotoni ya nanomita 1064 ina elektronivolti 1.17 tu, ya 266 ina 4.66. Fuwele itakayotoa 4.66 kwa mruko mmoja inabidi isukumwe na mwanga wenye nishati kubwa zaidi ya hapo, yaani urujuanimno mwingine, na swali linarudi pale pale. Dayodi za urujuanimno zipo, ila ukishuka chini ya nanomita 300 nguvu yake bado ni ndogo mno kwa kazi ya kiwandani.

Kwa hiyo tunajumlisha fotoni. Dayodi za nanomita 808 husukuma fuwele ya leza, nayo hutoa 1064. Fuwele ya LBO iliyopashwa joto hadi takribani nyuzi 150 za Selsiasi huunganisha fotoni mbili za 1064 kuwa moja ya 532, ya kijani. Kutoka hapo njia zinagawanyika. LBO ya pili ikijumlisha 1064 na 532 unapata 355. Fuwele ya BBO au ya CLBO ikiunganisha fotoni mbili za 532 unapata 266. Na 266 ikijumlishwa na 1064 unapata 213.

Mbinu hii ilianza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambako Peter Franken na wenzake walipitisha mwanga wa leza ya rubi, nanomita 694.3, ndani ya kwatzi wakapata 347.2. Alama yake kwenye picha ilikuwa hafifu kiasi kwamba jarida lililochapisha matokeo hayo liliifuta likidhani ni uchafu. Leo zaidi ya nusu ya 1064 inaweza kutoka ikiwa kijani.

BBO au CLBO?

*Wapendwa wahariri, tuna leza ya kijani ya wati 10, kilohezi 50, mpigo wa nanosekunde 15. Tunataka 266. Muuzaji mmoja anatushauri BBO, mwingine CLBO. Tumwamini nani?*

Kila mmoja ana hoja, ila anawaambia nusu tu. BBO ina nguvu zaidi ya kugeuza: kigawo chake kwa kazi hii ni karibu pikomita 1.3 kwa volti, dhidi ya 0.84 ya CLBO. Muuzaji akiishia hapo, BBO imeshinda. Ubaya wake uko kwenye mchepuko. Ndani ya BBO, mwale wa 266 huuacha mwale wa kijani kwa pembe ya nyuzi 4.8. Katika fuwele ya milimita 5 huo ni mchepuko wa milimita 0.42. Katika CLBO pembe ni nyuzi 1.8, yaani milimita 0.16 kwa urefu huohuo.

Sasa chukueni leza yenu. Wati 10 kwa kilohezi 50 ni mikrojuli 200 kwa mpigo, na zikigawanywa kwa nanosekunde 15 mnapata kilele cha kilowati 13. Ili fuwele igeuze vizuri mnahitaji makumi ya megawati kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo mtaukusanya mwale hadi nusu-kipenyo cha milimita 0.1 hivi. Hapo kipenyo kizima ni milimita 0.2, na mchepuko wa BBO ni mara mbili yake. Urujuanimno unaozaliwa mwanzoni mwa fuwele unatokea pembeni kabisa ya ule unaozaliwa mwishoni, na mwale unatoka umerefuka kama mstari badala ya kuwa duara. Juu ya hayo, mwale uliokusanywa hivyo hutanuka kwa miliradiani 1.7, ilhali BBO ya milimita 5 huvumilia takribani 0.34 tu. Sehemu kubwa ya kijani chenu itapita bila kufanya kazi.

Wenye BBO hujinasua kwa lenzi za silinda: mwale unapanuliwa upande ule unaochepuka na kubanwa upande mwingine, ukubwa wa nguvu ukibaki uleule. Ni mbinu nzuri na tunaipendekeza kwa yeyote aliyekwisha kununua BBO. Lakini kuna kasoro ambayo lenzi haiiondoi. BBO hufyonza kiasi cha 266 yenyewe, hasa kwa fotoni mbili kwa pamoja, katikati yake hupata joto kuliko pembeni, na pembe ya ulinganifu wa awamu (ile inayofanya mawimbi ya rangi mbili yaende pamoja ndani ya fuwele) hubadilika ndani ya mwale uleule. Kadiri nguvu inavyopanda ndivyo ufanisi unavyokataa kupanda.

Kwa wati 1 ya urujuanimno au chini yake, na chumba kisicho na uangalizi wa kudumu, chukueni BBO. Kwa wati kadhaa zinazotakiwa kudumu mwezi baada ya mwezi, chukueni CLBO, mkijua kwamba mnachukua pia jukumu la kuilea. CLBO ni borati ya sesiamu na litiamu iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Osaka miaka ya 1990, na adui yake ni maji. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu uso wake hupata ukungu, kisha nyufa. Iwekeni kwenye oveni ndogo ya nyuzi 150 yenye mtiririko wa agoni au hewa kavu, mkipandisha joto polepole, nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika. Mkifika juu, iacheni siku kadhaa kabla ya kuwasha leza, ili maji yaliyojificha ndani yatoke; kazi hiyo ya subira huongeza uwezo wake wa kuhimili urujuanimno. Baada ya hapo oveni isizimwe tena. Ipeni betri ya akiba, maana umeme ukikatika usiku, asubuhi mtakuta fuwele imepoa ndani ya hewa ya kawaida.

Nguvu inashuka kila wiki

*Ndugu Mhariri, leza yetu ya 266 ilianza na wati 2. Baada ya wiki tatu inatoa 1.3. Fundi amesharekebisha pembe ya fuwele mara nne. Kila mara inapanda kidogo, halafu inashuka tena. Tatizo ni fuwele?*

Huenda si fuwele. Na tunaomba fundi aache kugusa pembe hadi mjue chanzo, kwa sababu kila rekebisho linaficha ushahidi.

Anzeni nyuma. Pimeni 1064, kisha 532, kabla ya kuigusa 266. Kijani hufuata mraba wa infraredi, na 266 hufuata mraba wa kijani, kwa hiyo pale ubadilishaji ukiwa mdogo urujuanimno hufuata infraredi kwa kipeo cha nne. Infraredi ikishuka kwa asilimia 5 tu, 266 inaweza kushuka kwa karibu asilimia 19. Watu wengi wamebadilisha fuwele nzima kumbe dayodi za kusukumia zimezeeka kidogo au maji ya kupoozea yamepanda joto.

Infraredi na kijani zikiwa salama, isogezeni fuwele kando, nusu milimita hivi, bila kuizungusha, ili mwale upite mahali papya. Nguvu ikirudi, uso au mwili wa fuwele umechoka pale mwale ulipokuwa ukipita. Ndiyo maana leza za kiwandani hubeba mota ndogo ya kuisogeza fuwele kutoka doa hadi doa, na maisha ya mashine huhesabiwa kwa idadi ya madoa yaliyobaki. Nguvu isiporudi, tazameni vioo na madirisha yaliyo mbele ya fuwele. Zimeni leza, kisha mulikeni kila uso kwa tochi kali kutoka ubavuni. Mtafute ukungu wa kahawia au weupe wenye umbo la mwale.

Tukipata barua yenye maneno "inapanda kidogo, halafu inashuka", sisi hushuku ukungu huo kwanza. Fotoni ya 266 ina nishati ya kutosha kuvunja mvuke wa kikaboni ulio hewani na kuugandisha kwenye kioo pale pale inapopita. Mvuke huo unatoka ndani ya kasha lenu wenyewe: gundi, mafuta ya skrubu, maganda ya nyaya, alama za vidole, povu la kufungia. Mbaya kuliko yote ni gundi na mpira wa silikoni (mpira, si ile silikoni ya chipu), kwa sababu mvuke wake ukivunjwa huacha silika, na silika haiungui wala haifutiki. Kipande kimoja cha mpira kilichosahauliwa pembeni kinaweza kuharibu vioo vyote.

Dawa yake ni usafi unaofanywa kabla ya kufunga kasha. Vipande vya chuma vioshwe kwa sabuni kwenye chombo cha mawimbi ya sauti, visuuzwe kwa maji yaliyoondolewa ayoni, kisha isopropanoli, halafu vikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Skrubu zinazoingia kwenye tundu lisilo na upande wa pili ziwe na njia ya hewa, la sivyo zitatoa mvuke kwa miezi. Shikeni fuwele kwa vibano na karatasi ya metali laini ya indiamu badala ya gundi. Alumini iliyotiwa rangi nyeusi ina vinyweleo vinavyofyonza mvuke, kwa hiyo tumieni chuma cha pua au alumini iliyopakwa nikeli. Halafu fuateni kila mwale uliopotea: kijani kilichobaki na urujuanimno unaoakisiwa na madirisha vyote viishie kwenye kizuizi cha metali. Mwale uliopotea ukipiga ganda la waya unazalisha uchafu mchana kutwa.

Swali linalofuata huwa ni gesi ya kujazia. Wengi huchagua nitrojeni kavu kwa kuamini kwamba oksijeni ni mbaya. Kwa 266 na 355, oksijeni kidogo ni rafiki, kwani husaidia kuuchoma uchafu wa kikaboni kabla haujashika. Satelaiti ya Aeolus ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, iliyorushwa Agosti 2018, ilibeba leza ya nanomita 355 ya kupima upepo, na hofu kubwa ya wahandisi ilikuwa uchafu kugandishwa kwenye vioo ndani ya ombwe. Waliweka oksijeni ya shinikizo dogo sana, takribani paskali 40, ndani ya leza ili vioo vibaki safi. Nyinyi tumieni hewa safi kavu iliyochujwa kwa makaa. Mkishuka hadi 213 au 193 mambo yanageuka: mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 240 hivi huvunja oksijeni na kutengeneza ozoni, na 193 hufyonzwa njiani, kwa hiyo hapo nitrojeni inakuwa lazima na usafi unatakiwa kuwa mkali zaidi.

Jambo la mwisho, kagueni aina ya kioo. Kioo cha kawaida cha lenzi hufyonza 266 hadi kupasuka. Silika ya daraja la urujuanimno inafaa, ingawa baada ya muda nayo hupata kasoro za ndani zinazofyonza mwanga; pale nguvu ilipo kubwa zaidi, wekeni kalsiamu floraidi.

Kipima nguvu kinadanganya

*Tumepata wati 1.2 za 266 kwenye kipima nguvu, lakini mteja kapima 1.0. Nani kakosea?*

Yaelekea nyote mmesoma sawa, ila nyinyi mmepima rangi mbili. Kipima nguvu cha joto hakijui rangi. Baada ya fuwele mnabaki na wati kadhaa za kijani, na kioo kimoja cha kutenganisha rangi bado hurudisha asilimia kadhaa. Kijani cha wati 4 kwa asilimia 5 ni miliwati 200, nazo ndizo hizo mnazogombania. Ongezeni kioo cha pili cha aina hiyohiyo: kijani kinabaki miliwati 10. Cha tatu kikiwepo, hesabu inaisha. Prizimu ya silika nayo inafaa, mradi mpime mbali vya kutosha ili miale iwe imeachana.

Je, itachapa chipu?

*Nimesikia kwamba leza za hali mango za nanomita 193 zimepatikana. Zitachukua nafasi ya leza za gesi za agoni na florini kwenye mashine za litografia, zile zinazochapa chipu kwa mwanga?*

Si kwa sasa, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni nguvu. Leza ya gesi kwenye mashine ya kuchapa hutoa wati 60 hadi 120 kwa mipigo 6,000 kwa sekunde. Kwa hali mango, njia inayotumika ni kuanza na 1030, kuifikisha 257.5 kwa hatua mbili, kisha kuijumlisha na mwanga wa 1553 mara mbili mfululizo ndani ya LBO: kwanza 221, halafu 193.4. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo cha Sayansi cha China walitangaza wastani wa miliwati 70 kwa mipigo 6,000 kwa sekunde kwa njia hii. Ni kazi nzuri sana ya maabara. Hata hivyo, pengo kati yake na wati 60 ni karibu mara 860, na kila hatua ya kujumlisha hupunguza kilichobaki.

Sababu ya pili huzungumzwa kidogo, nayo kwetu ina uzito uleule. Mwale wa hali mango umetulia mno. Mawimbi yake yana mshikamano mkubwa, kwa hiyo yakipita kwenye lenzi nyingi hupishana na kuacha madoadoa ya mwanga na giza juu ya kaki. Leza ya gesi hutoa miale mingi isiyoshikamana, ambayo madoadoa yake hufutana. Utulivu unaotafutwa na mpiga picha ni kasoro kwa mchapaji.

Utulivu huohuo ndio unaoipa leza hii kazi nyingine: kupima lenzi za 193 kwa mwingiliano wa mawimbi, kukagua vinyago vya kuchapia (vioo vyenye mchoro wa chipu), na kutoa mwale mdogo safi ambao leza ya gesi kisha huukuza.

Msomaji mwingine kauliza kuhusu KBBF, fuwele ya China inayofika nanomita 177.3 kwa kuunganisha fotoni mbili za 355 moja kwa moja. Ni ya ajabu kwa maabara za kupima elektroni za nyenzo. Kwa kiwanda ina tabu: hukua kwa matabaka membamba yanayobanduka, haikatiki kwa pembe unayotaka hadi uibane kati ya prizimu, na kuikuza kunahitaji beriliamu, ambayo ni sumu.

Mipigo au mwale wa kudumu kwa ukaguzi?

*Tunajenga kifaa cha kutafuta vumbi juu ya kaki. Tutumie 266 ya mipigo au isiyokatika?*

Kwanza fahamuni kwa nini 266. Chembe ndogo kuliko wimbi hutawanya mwanga kulingana na kipenyo chake kwa kipeo cha sita, na kinyume cha urefu wa wimbi kwa kipeo cha nne. Mkitoka chembe ya nanomita 40 hadi 20, mtawanyiko hupungua mara 64. Mkitoka 532 hadi 266, mnarudishiwa mara 16. Mara 4 zilizobaki zitafutwe kwa nguvu na kwa kigunduzi bora.

Mipigo mikali ya nanosekunde itaichoma kaki kabla haijaonyesha chembe. Chagueni mwale usiokatika, au mipigo ya pikosekunde inayofuatana kwa makumi ya megahezi, ambayo kigunduzi huiona kama mwale mmoja. Ya pili ni rahisi kujenga, kwa sababu kijani hupita kwenye fuwele mara moja tu.

Mwale usiokatika unahitaji kitanzi cha vioo vinne, fuwele ikiwa ndani, na kimoja kikisukumwa na piezo (kipande kinachorefuka kidogo sana kikipewa volti) ili urefu wa kitanzi ubaki sawa na idadi kamili ya mawimbi. Hasara ya kila mzunguko ikiwa asilimia 2, na kioo cha kuingilia kikipitisha asilimia 2, kijani hujikusanya mara 50: wati 5 zinakuwa 250. Sasa vumbi liongeze hasara ya asilimia 1 tu. Mkusanyo unashuka hadi mara 32, na kwa kuwa urujuanimno hufuata mraba, mnabaki na takribani asilimia 41. Kwa hiyo maelezo ya barua ya tatu yanawahusu nyinyi zaidi ya aliyeuliza. Ondoeni pia feni na pampu kwenye meza hiyo. Mtetemo wake huingia moja kwa moja kwenye kelele ya picha.

Kwa wanaopiga picha za seli, 266 ina faida ya ziada: DNA hufyonza mwanga zaidi karibu na nanomita 260, hivyo kiini cha seli huonekana bila rangi ya kupaka.

Miwani

*Kwa kuwa 266 haipenyi hadi retina, miwani ya kijani haitoshi?*

Haitoshi hata kidogo. 266 huunguza konea na ngozi, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshaendelea kujianika. Kikomo kinachokubalika kwa siku ya kazi ni milijuli 3 kwa sentimita ya mraba. Miliwati 1 iliyoakisiwa na skrubu ikitua kwenye sentimita ya mraba ya ngozi hufikisha kikomo hicho kwa sekunde 3. Miwani iwe imeandikwa 1064, 532 na 266, zote tatu, na mikono ivae glavu. Kutafuta mwale tumieni karatasi nyeupe ya ofisi, ambayo hung'aa buluu ikipigwa na urujuanimno, mkiishika kwa koleo na nguvu ikiwa imeshushwa.